Ndoto ya Ukurasa wa Kwanza

Watu wa Kisegi wakikwambia kwamba Mwalimu Zadock alimuua mdogo wake kwa kalamu, usibishane nao. Wana maneno mengi wale, na mengi ni ya uongo, lakini hilo wamelipata. Mimi ndiye Zadock. Nitalisema mwenyewe, maana nimechoka kulisikia likisemwa kombokombo na watu ambao hawajawahi kuandika hata barua ya kuomba kazi.

Mdogo wangu Elijah alipotea ziwani Aprili ya mwaka sitini na mbili, wakati ule ziwa lilipofura likameza mashamba na nusu ya soko letu. Alitoka na mtumbwi kwenda kutega nyavu, hakurudi. Tulitafuta ufukweni wiki tatu, tukafika mpaka visiwani. Hatukuona mtumbwi, wala kasia, wala shati lake. Alimwacha mkewe Rispa, ambaye hata mwaka hawakuwa wameumaliza pamoja, na mama yetu Zilpah, mjane. Na mimi kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, sina mke, nina wazimu mmoja tu: nilitaka kuandika kitabu.

Kiswahili changu si cha huku. Nilikiokota Mombasa, nilikobeba mizigo gatini miaka minne kabla ya kusomea ualimu. Kulikuwa na baharia mzee pale aliyekuwa akitupigia hadithi za maharamia wa zamani, jinsi walivyoziteka meli na kugawana walichokipata. Nikarudi nyumbani na hadithi hizo kichwani pamoja na Kiswahili kinachowachekesha jirani zangu. Wanasema naongea kama redio. Sawa, wacheke.

Kitabu chenyewe kilikuwa hivi. Mvuvi wa Kisegi anashikwa na nyakoi, ile nguzo ya maji inayosimama kutoka ziwani mpaka mawinguni. Inamnyanyua na mtumbwi wake, inamzungusha, halafu inamtua juu ya meli ya maharamia, katikati ya bahari kuu, miaka mia mbili nyuma. Anazaliwa upya, tuseme, kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Na mvuvi huyo anaitwa Elijah.

Ungefanya nini wewe? Ndugu yako ametoweka, huna kaburi, huna mwili, huna habari. Mimi nilimpa meli. Afadhali awe mtumwa wa maharamia, anasugua sitaha, anatukanwa, lakini anapumua.

Meli ya matanga yenye mizinga sikuwahi kuiona. Nilikwenda Homa Bay Jumapili moja, nikaipima kwa hatua ile meli ya abiria iliyokuwa imefungwa gatini, nikisema hesabu kwa sauti. Karani wa gati akanifukuza akidhani nina nia mbaya. Nikakisia kipande kilichobaki, nikazidisha kwa mbili, nikasimamisha milingoti mitatu juu yake. Nahodha nilimpa sura ya mkaguzi wetu wa shule, maana sikuwa na mtu mwingine katili niliyemjua kwa karibu.

Kila Jumapili alasiri nilikwenda kwa Mama na daftari zangu, na Rispa alikuja kukaa barazani na ungo wa karanga. Hakusoma sana, kwa hiyo nilikuwa nikitazama Kiswahili na kumsomea kwa Dholuo. Mama hakutaka kusikia. Nikifungua daftari tu, anachukua jembe anakwenda shambani.

Mwanzoni Rispa alibambua karanga kimya. Tulipofika sura ya tatu, maharamia wanampa Elijah nyama ya chumvi iliyokaa miezi, naye anaila. Rispa akasimamisha mkono.

"Hali hiyo," akasema.

"Hali nini?"

"Nyama iliyolala. Elijah huwa haili, shemeji. Afadhali alale njaa. Mpe samaki."

Nikafuta, nikampa samaki. Sura ya tano nahodha anamwamuru apande mlingoti mrefu kufungua tanga, naye anapanda mbio. Rispa akacheka, mara ya kwanza tangu apotee mumewe. Akaniambia Elijah anaogopa kwenda juu. Hata siku ya kuezeka nyumba yao alikaa chini anarusha nyasi, akamwita binamu yetu Walter ndiye apande. Nikafuta tena. Elijah wa kitabu akawa mtu wa jikoni na wa nyavu, mtu anayewafundisha maharamia kuvua kwa sababu wale majambazi wanakula vizuri siku ya uporaji tu. Kitabu kikawa kizuri kuliko nilivyoweza mimi peke yangu. Na Rispa alikuwa akisema "huwa", "anapenda", "hataki". Sikumsahihisha.

Sasa ni lazima nikueleze jambo moja la kwetu, la sivyo hutaelewa ubaya wangu. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, wazee hukata tunda la yago, lile refu na zito kama mguu wa mtu, wakalifunga blanketi na kulizika mahali pake. Likishazikwa, amekufa. Mama yake ananyolewa na kulia mpaka amalize, na mjane anapewa mwanamume wa ukoo. Mimi nisingeweza kupewa Rispa. Kaka mkubwa kumrithi mke wa mdogo wake ni mwiko. Angepewa Walter. Lakini yago halikatwi hivi hivi tu. Wazee hungoja ishara, na ishara kubwa kuliko zote ni ndoto. Aliyepotea akimjia mtu wa damu yake usingizini na kuzungumza naye, basi ameshavuka, anadai kaburi lake. Na akidai asipewe, anaanza kusumbua walio hai. Sabato tunasali, mimi nafundisha watoto nyimbo za kanisa, lakini hilo hakuna mchungaji aliyewahi kutuondolea.

Miaka miwili hakuna aliyeota. Mama hakuweza kulia wala kuacha kulia. Alikonda, akawa anashtuka kila mlango ukigongwa. Na Rispa akangoja, na hakuna aliyethubutu kuingilia kungoja kwake, kwa sababu hapakuwa na ndoto.

Nilituma kitabu Nairobi mara baada ya Uhuru. Mwezi wa pili barua ikaja kutoka kwa mhariri. Hadithi inavutia, aliandika, lakini ina tundu. Ikiwa Elijah yuko miaka mia mbili nyuma na hajarudi, ndugu yake anayeisimulia ameyajuaje yaliyompata? Msomaji atauliza. Weka ukurasa mpya wa kwanza: Elijah amtokee ndugu yake katika ndoto, amsimulie yote. Na ndoto hiyo, akaongeza, iandikwe kwa namna ya kusadikika.

Nilijua. Usiniulize kama nilijua. Mtu gani wa ziwa hili asiyejua? Yule mhariri hakujua, ndoto kwake ni chombo cha kazi kama koleo. Mimi nilikaa na ile karatasi siku tatu siandiki kitu. Ningeweza kubadilisha jina. Mpaka leo nikikumbuka jinsi lilivyokuwa jambo jepesi natamani kujipiga kichwa ukutani. Lakini nilikuwa nimeshamzoea, Elijah ni Elijah, na Rispa angeniuliza Elijah wake amekwenda wapi. Tena nilikitaka kile kitabu. Niseme ukweli, nilitaka kuona jina langu juu ya jalada, watu wa Kisegi walione. Nikajiambia ni Kiswahili, nani huku atasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Nairobi?

Nikaandika. "Ndugu yangu Elijah alinijia usingizini, nguo zake zinachuruzika maji. Akakaa mwisho wa kitanda changu akasema: Kaka, nisikilize, nikueleze nilikokwenda. Namwapia Mungu, ndivyo nilivyomwona." Nilitaka isadikike. Rispa sikumsomea ukurasa huo. Jumapili ile nilimsomea mahali ambapo Elijah, baada ya miezi baharini, anaona nchi kavu kwa mbali.

Mwezi wa sita bahasha yangu ikarudi. Barua zetu zote alikuwa akizichukua Walter posta ya Homa Bay, maana alikuwa karani wa chifu. Alisema kamba ilikuwa imekatika na karatasi zimetoka nje, na mimi namwamini. Ndani mlikuwa na barua ya mhariri mwingine, mgeni kazini: taifa changa linahitaji hadithi za kujenga nchi, si za maharamia. Basi. Ndoto yenyewe haikunisaidia kitu.

Laiti Walter angekuwa mtu mbaya. Ningekuwa na mtu wa kumchukia nikapumzika. Lakini alimpenda Elijah, walikua pamoja. Alikuja jioni ile kwa Mama pamoja na Baba mdogo Elkanah, mkubwa wa ukoo, ukurasa wangu wa kwanza uko mkononi mwake. Rispa aliitwa. Walter akausoma kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, polepole, neno kwa neno. Alipofika kwenye maji yanayochuruzika, Mama akakaa chini.

"Umemficha," Walter akaniambia. Alikuwa analia. "Amekuja kwako kudai kaburi lake, ukamficha, ukamuuza Nairobi."

"Ni kitabu," nikasema. "Kuna meli humo ya miaka mia mbili iliyopita. Mimi nimekuwepo miaka mia mbili iliyopita?"

Baba mdogo akauliza, "Meli umeibuni?"

"Nimeibuni."

"Na ndoto?"

Hapo ndipo. Ningesema nimeibuni, ningekuwa mtu aliyemchukua ndugu yake aliye hai na kumweka kati ya wafu, tena kwa kiapo cha Mungu, ili kitabu chake kichapwe. Kwetu hilo halina tofauti na kumloga. Nilikuwa natafuta maneno, na Mama akanishika goti.

"Zadock, wuoda," akasema, yaani mwanangu. "Kitabu sikijui. Niambie tu, ulimwona?"

Ningekuwa na moyo hata wa mbwa tu, ningesema kweli. Lakini nilitazama uso wake, miaka miwili ya kutolala iko pale, na nikaona anachoomba si Elijah. Anaomba ruhusa ya kulia. Nikasema nilimwona.

Akalia, jamani. Alilia mpaka majirani wakaja, akalia yote ya miaka miwili, na kati ya kilio alinishika mikono akinishukuru.

Rispa hakulia. Aliningoja nje, akanisimamisha.

"Jumapili ulisema ameona nchi kavu."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Hiyo ndoto uliiota lini, shemeji? Kabla ya mimi kukwambia kuhusu samaki, au baada?"

Nikampita. Nilitembea kama mtu mwenye haraka.

Yago lilizikwa Alhamisi, mkono wa kulia wa nyumba ya Elijah, kama azikwavyo mwanamume mwenye nyumba yake. Mchungaji hakuja. Mama alinyolewa. Wiki ile ile alianza kulala, akaanza kula, akaanza hata kuwatania wanawake kisimani. Watu walisema Zadock amemponya mama yake. Rispa alikataa miezi saba, wakaja dada za baba yetu, wakaja watu wa kwao, wakamwambia anataka kuua ukoo mzima kwa ukaidi. Mwisho Walter akaingia nyumba ile. Daftari zangu nilizifunga kwa kamba nikaziweka darini. Elijah wa meli nilimwacha pale pale, ameona nchi kavu, hajashuka.

Agosti ya sitini na sita, mama mmoja Mkuria anaitwa Bhoke, muuza samli, alinifuata shuleni. Akaniambia kuna mtu Rodi Kopany, katika hoteli ya chai karibu na soko, anasema nije peke yangu. Akanipa jina. Nilimwambia akome kunifanyia mzaha. Akaniambia yeye hana wakati wa mzaha, samli yake inayeyuka.

Nilimkuta amekaa pembeni, anakula maharage. Amekonda, jino moja la mbele hakuna. Nilisimama mlangoni. Alinitazama akamaliza kwanza kutafuna.

"Kaka," akasema. "Kaa. Kuna mtu ameniambia hapa kwamba nimekufa."

Hadithi yake ilikuwa fupi kuliko yangu. Mtumbwi ulipinduka upande wa Tanganyika. Watu waliokuwa wakivusha ngozi za magendo na ng'ombe wa wizi wakamwopoa, wakamlisha, wakamtia kazini. Baada ya mwezi askari wakawanasa wote. Alipewa kifungo cha miaka minne Musoma. Kuandika hajui. Alimtuma mfungwa aliyetoka mapema aje atuambie, na yule akapotelea zake. Majambazi wa majini kumbe walikuwepo kweli. Nilikosea karne tu.

"Nani alisema nimekufa?" akauliza.

Nilimwambia yote. Mhariri, ukurasa, Walter, goti langu na mkono wa Mama. Nilimwambia Rispa ana mtoto wa miezi mitano, na kwa mila mtoto huyo ni wake yeye, Elijah. Alisikiliza akikusanya maharage kwa kipande cha chapati. Nilitaka anipige. Alisema, "Maiti ana mtoto. Haya. Twende nyumbani, ukaseme mbele yao."

Tulifika Kisegi siku ya pili mchana. Baba mdogo Elkanah alikuwa ameshapashwa habari, amesimama langoni na wazee watatu na kondoo. Akanyoosha fimbo, Elijah asivuke. Mtu aliyezikwa haingii kwake hivi hivi. Watu walijaa ng'ambo ya ua. Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wasikie, kwamba sikuota. Kwamba niliibuni ndoto ili kitabu changu kichapwe, na nikamdanganya mama yangu kwa kukosa moyo. Hakuna aliyenirushia jiwe. Walter alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya Elijah, akaketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. Rispa alikuja mpaka katikati ya ua, mtoto mgongoni, akasimama hapo, macho kwa Elijah.

Baba mdogo alitema mate chini, akasema mambo yangu yatahukumiwa baadaye. Yago litafukuliwa. Kondoo atachinjwa. Lakini atakayemvusha Elijah lango ni yule aliyemleta duniani, amshike mkono amwingize, kama mara ya kwanza. Bila hilo haingii.

Wakamleta Mama. Alikuja akijikaza, kitambaa kipya kichwani, amenenepa kidogo miaka hii miwili. Alisimama hatua tano kutoka kwa Elijah, akamtazama sana. Elijah akapiga magoti barabarani.

"Mama, ni mimi."

Mama akageuka kwangu. "Zadock, wewe si ulimwona?"

"Nilikudanganya, Mama. Sikumwona. Huyu ndiye, yuko hai, mshike mkono."

Alinitazama kwa huruma, mimi mshenzi, akatikisa kichwa.

"Watu hawa wanakutisha," akasema. "Hujawahi kunidanganya tangu uzaliwe. Mtoto wangu hawezi kunidanganya juu ya jambo kama lile."

Nikaapa. Nikaapa tena kwa jina lile lile la Mungu nililoandika kwenye ukurasa, na hapo nikasikia jinsi kiapo changu kilivyokuwa chepesi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa imefika mbali mno. Mama alimwelekea Elijah. Hakukasirika. Alizungumza naye taratibu, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto mwenye homa.

"Nenda, baba," akamwambia. "Tulikuzika vizuri. Blanketi lilikuwa jipya. Nililia siku nne, hata sauti ikaniisha. Mke wako anatunzwa, jina lako lina mtoto. Usitusumbue, mwanangu. Nenda upumzike."

Elijah alibaki amepiga magoti barabarani. Alinyoosha mkono mara moja, na Mama akarudi nyuma, wazee wote wakarudi nyuma naye. Ndipo akasimama, akajipangusa vumbi la magoti, akachukua kifurushi chake. Alinitazama mara moja tu. Kisha akashika njia ya kurudi alikotoka. Siku hizi wanasema yuko Ogwedhi, anawaswagia watu ng'ombe mnadani, na akiulizwa kwao hujibu hana kwao.

Rispa alipiga hatua tatu kumfuata, wanawake wakamshika. Mama hakuyaona hayo. Alikuwa anatafuta mkono wangu. Aliniambia amechoka, nimrudishe ndani, na nisiende mbali naye jioni ile, kwa maana sasa mtoto aliyebakiwa naye ni mimi tu. Nikamshika mkono, tukaingia.